Zamu ya Obura

Jumapili, Oktoba 9, 1983. Umoja

Mvua ya kwanza ya vuli, dakika ishirini, kisha jua. Nina likizo ya siku ishirini na moja, na mhariri amesema niichukue Desemba au niisahau. Baada ya kanisa nimewauliza nyumbani wanataka kwenda wapi. Mke wangu Mbithe anataka mahali popote ambapo hatapika. Binti yetu Kavata, miaka kumi na minne, anataka mashine.

Alikuwa na karatasi tayari. Mwalimu wake wa historia amewaambia kwamba vyuma vya zamani husomwa kama vitabu. Orodha yake: makumbusho ya reli hapa Nairobi, kiwanda cha mkonge, kinu cha pamba, na meli za mvuke za Kisumu, zile zilizoletwa vipande vipande zikaungwa ziwani.

"Na mwenye kutuelezea tunaye hapa hapa," akasema. "Tena ni bure."

Mwenyewe alikuwa kwenye kochi, kofia gotini. Ni baba yangu, Makau, umri sabini na moja. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fayaman katika injini za mvuke, yaani msaidizi wa dereva, mtu wa moto na maji. Amekuja kutoka Machakos wiki mbili zilizopita kutibiwa macho. Daktari anasema jicho la kulia limekwisha, na la kushoto litapasuliwa Januari bila ahadi yoyote. Kama kuna kitu anataka kumwonyesha mjukuu wake, ni Desemba hii.

Jumanne, Oktoba 11

Mvua hakuna. Mifereji ya mtaa mzima imekauka tangu jana, bomba halitoi tone.

Jumamosi, Oktoba 15

Tumepanga safari mezani, ratiba ya treni katikati. Njia ni mbili. Ya Mombasa ina mkonge na bandari. Ya Kisumu ina meli, kinu cha pamba na viwanda vya sukari.

"Mombasa, ndiyo," Baba akasema. "Kisumu, hapana."

"Lakini Umau," akasema Kavata, ndivyo Wakamba tunavyomwita babu, "meli zenyewe ziko Kisumu."

"Meli ni meli. Hata Mombasa zinaelea."

"Za Kisumu ni za mvuke!"

"Mvuke nimeuona wa kunitosha."

Mbithe akasema kama ugomvi ni mkubwa hivyo, yeye yuko tayari kukaa hotelini River Road siku ishirini na moja, aletewe chai. Tukacheka. Baba hakucheka.

Nimeandika orodha mbili, nikaweka alama ya kuuliza kwenye ya pili. Baba alifanya kazi njia ya Kisumu miaka kumi na mmoja. Hadithi za Voi ninazo nyingi kutoka kwake, na za Mtito Andei. Za njia ya Kisumu sina hata moja. Nimekuwa mwandishi wa habari miaka ishirini na tatu na sijawahi kumuuliza.

Jumanne, Oktoba 18

Mvua kubwa, mifereji mikavu. Tunaweka maji katika pipa jikoni. Baba akipita huuliza, "Maji yapo?" Kavata hujibu, "Yapo, Umau." Baba hupiga hatua tatu, husimama, hurudi, hufunua pipa na kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

Mbithe amehesabu: mara kumi na moja leo.

"Ni uzee," nikamwambia.

"Uzee huuliza tena kwa kuwa umesahau jibu," akasema. "Baba hasahau. Haamini."

Jumamosi, Oktoba 22

Makumbusho ya reli, saa nne asubuhi. Manyunyu. Tulikuwa Baba, Kavata na mimi. Mtu wa zamu pale, Mulama, alimwona Baba akigusa gurudumu kwa kiganja, akajua ni mtu wa reli. Akatuachia uwanja.

Sijawahi kumwona Baba hivyo. Alimwelezea Kavata breki, pistoni, tangi la mafuta mazito, kengele, sababu ya mchanga kumwagwa relini wakati wa mvua. Alizungumza saa nzima bila kupumzika. Kavata alijaza kurasa sita. Aliuliza maswali mazuri, mafupi, moja moja. Nilijivuna, sitaki kuficha.

Saa tano na nusu walipanda ndani ya chumba cha dereva cha injini moja iliyo uani, nami nikawafuata. Baba alijua kila mkono wa chuma kwa kupapasa. Kisha akafika kwenye bomba dogo la kioo lililo wima mbele ya tanuri. Akamgeukia Mulama aliyekuwa chini.

"Maji yapo?"

"Mzee," Mulama akasema, "hii imekufa miaka mingi. Ina buibui tu."

Kavata akacheka. Baba akabana mgongo ukutani, akavuta tumbo ndani, akageuza uso kando, kama unavyofanya kwenye ujia mwembamba kumpisha mwenzako. Alikaa hivyo muda wa mtu mmoja kupita. Kisha akashuka ngazi bila kusaidiwa.

Chumba kile kina nafasi ya watu wanne. Tulikuwa watatu.

Njiani Kavata aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, si uliona? Umau alimpisha nani?"

Nikamwambia macho ya babu yake ni mabovu. Ni kweli. Halikuwa jibu.

Jumanne, Oktoba 25

Mvua. Barua kwa meneja wa kinu cha pamba: bado hajajibu.

Jumamosi, Oktoba 29

Mbithe alinisubiri mlangoni, mikono ina unga.

"Obura ni nani?"

"Kwa nini?"

"Saa tisa alasiri Baba alikuwa jikoni peke yake. Nikamsikia anaongea. Nikadhani Kavata amerudi. Kumbe anaongea na pipa. Anasema, 'Obura, yapo. Nimekuambia yapo.' Akanyamaza kama anayejibiwa. Halafu akasema, 'Basi pima.' Akasogea kando."

"Ukafanya nini?"

"Nilitoka nje nikaanua nguo. Zilikuwa bado mbichi."

Mbithe si mtu wa kuogopa. Mwaka jana, Agosti, siku ya jaribio la mapinduzi, risasi zikilia mjini, alikaanga vitunguu.

Jina hilo nalijua. Nimekaa hapa nusu saa nikijaribu kukumbuka kutoka wapi.

Jumanne, Novemba 1

Maktaba ya gazeti. Waruguru, anayetunza nakala za zamani, alinipa jalada la Julai 1966 na kitambaa cha kufuta vumbi. Ukurasa wa tano, chini kushoto, mistari minane. Nanakili:

"Fayaman Obura Amolo, umri 31, aliyekufa mwezi uliopita tanuri la injini ya treni ya mizigo lilipopasuka karibu na kilele cha Mau, hakupima maji ya boila alipopokea zamu. Hayo yameonekana katika uchunguzi. Dereva alirushwa nje akavunjika nyonga. Mfanyakazi mwenzake amesema marehemu alikuwa mtu wa haraka."

Hakuna jina la mwandishi. Mwandishi ni mimi. Nilikuwa na miaka sita kazini. "Mfanyakazi mwenzake" alikuwa mtu mmoja, alisema sentensi moja, mezani kwake Makongeni, huku akinimiminia chai. Alikuwa Baba. Sikumuuliza mtu wa pili.

"Umeona jini?" Waruguru akauliza.

"Mistari minane."

"Hiyo tu?"

Jumapili, Novemba 6

Mbithe na Kavata walikwenda kanisani. Nilibaki na Baba. Nikamsomea ile mistari minane, polepole, kwa kuwa hawezi tena kusoma mwenyewe. Nikamwuliza nini kilitokea. Naandika alivyosema, kwa mpangilio wake.

Katika safari ndefu treni ya mizigo ilibeba timu mbili. Moja iliendesha, nyingine ililala katika behewa lililofungwa nyuma ya injini. Zamu zilibadilishwa kituoni, injini ikiwa moto vilevile. Juni 14, 1966, Baba alikuwa amemaliza saa zake nane za zamu. Obura ndiye aliyempokea.

Kile kioo kidogo nilichokiona makumbusho huonyesha maji yaliyomo ndani ya boila. Lakini tundu lake likiziba kwa tope, maji ya zamani hubaki yamesimama ndani ya kioo, na nyuma yake boila inakauka. Dawa ni moja. Unafungua bilula, yaani koki, iliyo chini ya kioo, maji yanamwagika, unafunga, unatazama kama yanarudi. Anayeondoka hupima mbele ya anayeingia, na anayeingia hupima tena mwenyewe. Ni suala la nusu dakika.

"Sikupima," Baba akasema. "Nilikuwa nimechoka. Kioo kilionyesha nusu. Nikamwambia, maji yapo."

"Na yeye?"

"Obura alikuwa mtoto wa juzi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano kazini, nilimfundisha mwenyewe. Aliniita mzee, alinibebea sanduku. Mkubwa akikuambia maji yapo, utapima mbele yake? Ni kama kunusa chakula ulichopewa na mama mkwe. Vijana wetu walisubiri mkubwa ashuke, ndipo wanapima. Siku hiyo sikushuka haraka. Niliketi namsimulia dereva hadithi hadi bendera ya kuondoka ikapungwa. Na pale mlima unaanza kituoni penyewe. Kwenye mlima fayaman hana mkono wa tatu wa kupimia."

Ilichukua dakika kumi na nne, tanuri likapasuka. Baba alikuwa tayari amelala katika behewa la nyuma. Aliamshwa na mlio.

"Kwa nini uliniambia ni mtu wa haraka?"

Alivaa kofia, akaivua.

"Kwa sababu uliniuliza alikuwa mtu wa namna gani, na sikutaka uniulize mimi ni mtu wa namna gani."

Nimekagua ile mistari minane tena. Hakupima: kweli. Uchunguzi ulionyesha: kweli. Mwenzake amesema: kweli. Hakuna neno moja la uongo, na habari yote ni ya uongo. Nimewafundisha vijana wengi kazi hii bila kuwaambia jambo hilo linawezekana.

Jumanne, Novemba 8

Leo nilisimama kando mlangoni mwa jikoni kumpisha mtu. Mbithe alikuwa sokoni, Kavata shuleni, Baba kitandani. Naandika kwa kuwa ilitokea.

Jumapili, Novemba 13

Nimempata mjane wa Obura. Anaitwa Benta, ni mpishi wa shule ya chekechea, anakaa Jericho. Nilifika saa nane mchana, viatu vimejaa tope.

"Hodi."

"Nani?"

"Muindi, wa gazeti."

"La leo nimeshanunua."

Akafungua hata hivyo. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, miwani kwenye kamba shingoni. Nikamwambia jina langu lote na la baba yangu, na kwamba mimi ndiye niliyeandika ile mistari minane ya 1966.

"Muindi wa mistari minane," akasema. "Nilidhani utakuwa mnene. Watu wa maneno mengi huwa wanene."

"Yalikuwa machache."

"Yalitosha."

Nikamweleza kila kitu, nikisoma kutoka daftarini ili nisiongeze wala kupunguza. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza akakaa.

"Unajua kwetu mtu akifa jina linarudi? Anapewa mtoto. Tangu sitini na sita wamezaliwa watoto ishirini na watatu katika boma la mume wangu huko Alego. Kuna Otieno watatu, kuna hata aliyeitwa jina la daktari. Hakuna Obura. Kaka yake, Phares, ndiye mwenye boma, alisema jina la mtu aliyezembea kazini akafa halipewi mtoto, litamfuata. Mimi nimemzika mume wangu mara moja. Yeye anamzika kila mtoto akizaliwa."

Nikasema pole. Alinitazama kama ninayemwuzia kitu.

"Na baba yako? Anaota?"

"Anamwona. Jikoni. Alasiri."

Hapo ndipo alipokasirika. Mambo mengine yote aliyapokea bila kupandisha sauti.

"Anakuja kwenu! Umoja! Nimelala miaka kumi na saba mlango bila komeo, hajawahi hata kukohoa. Anapita Jericho yote anakwenda kwa Mkamba kuangalia pipa!"

Nilianza kucheka, nikajizuia, nikaona naye anajizuia. Kisha hakuna aliyekuwa akicheka.

"Sikiliza," akasema. "Baba yako asije hapa kuniletea pole. Aende Alego kabla hajapofuka. Asimame katikati ya boma, amwone Phares usoni, aseme yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Karatasi haitakiwi. Ya karatasi tulishapata."

Jumatano, Novemba 16

Nimemwomba mhariri tuisahihishe ile habari. "Kipi kilikuwa uongo?" Hakuna. "Sasa tunasahihisha nini?" Akarudi kwenye simu.

Jumapili, Novemba 20

Nilimweleza Baba maneno ya Benta. Alitaka kujua Phares ana umri gani. Sitini na tatu. Alitaka kujua kama anafanana na nduguye. Nikasema sijui. Saa ya chakula alikula, akaosha mikono.

"Ile orodha yako yenye alama ya kuuliza," akasema. "Futa alama."

Mvua usiku na mchana. Mtaa wa nyuma, maji yameingia nyumba nne. Mfereji wetu mkavu.

Jumamosi, Desemba 3

Shule zimefungwa. Kavata amejua kila kitu. Alikuwa akisikiliza, ni binti yangu. Alikasirika siku mbili.

"Kwa hiyo si holidei tena. Ni matanga."

"Utaona meli."

"Sitaki meli za watu wenye aibu."

Mbithe akamwambia afunge mdomo au afunge sanduku, achague moja. Akafunga sanduku.

Usiku wa kuamkia leo Baba hakuuliza maji. Wala leo. Mbithe anasema kimya hiki ni kibaya kuliko maswali. Nami nadhani hivyo. Anakaa akiwa ameelekeza uso kwenye mlango wa jikoni, na mara kwa mara hutingisha kichwa, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

Jumapili, Desemba 18. Kisumu

Treni ilichelewa saa mbili. Kwenye mlima wa Mau, alfajiri, Baba alisimama ujiani kofia mkononi mpaka tukavuka kilele. Injini ni ya dizeli, haina fayaman. Kavata alisimama naye. Sijui walisema nini.

Bandarini tumeona meli moja ya zamani, kutu imekula jina. Kavata alipima urefu wake kwa hatua. Kinu cha pamba kimefungwa. Meneja hakuwahi kujibu. Ya mashine na makumbusho yamekwisha, kwa upande wangu. Benta ametangulia kwenda Alego.

Jumatatu, Desemba 19. Alego

Boma la Phares: nyumba kuu yenye mabati, tano za nyasi, ua wa mchanga uliofagiwa. Kaburi la Obura liko upande wa kushoto wa nyumba ya mama yao, saruji imepasuka. Watu kumi na wanane walikuwa wameketi. Hatukupewa mikono. Tulipewa viti, isipokuwa Baba.

Phares ni mwembamba, mweusi, anatembea kwa fimbo bila kuiegemea. Alizungumza Kijaluo tu. Benta ndiye aliyekuwa mkalimani. Baba alisimama jua likimpiga usoni, akasema yale aliyoniambia Novemba 6, karibu neno kwa neno. Dakika tisa. Benta alitafsiri bila kutetemeka hata mara moja, na maneno "maji yapo" aliyasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo.

Phares alisema sentensi moja.

"Anasema tumesikia," Benta akatuambia. "Kesho watakuja wa upande wa mama yao. Utasema tena."

Tumepewa nyumba moja ya nyasi. Chakula kinaletwa asubuhi, mchana na jioni: samaki, sima, mboga. Mbithe amepata likizo aliyoitaka.

Jumanne, Desemba 20

Amesema tena. Watu thelathini na mmoja. "Tumesikia. Kesho wa kanisani."

Jumatano, Desemba 21

Tena. Nimeanza kulinganisha. Siku ya kwanza alisema "nilikuwa nimechoka". Leo hakusema. Jana alisema "vijana wetu walisubiri mkubwa ashuke". Leo alisema "mimi nilipenda wasubiri". Kila siku kitu kinadondoka. Nilidhani mtu akirudia habari huipamba. Baba anaivua nguo.

Mchana nilimkuta Mbithe ameketi karibu na kaburi na Benta, wanachambua mboga. Benta ananiambia usiku wa jana alisikia mtu akikohoa nje ya mlango wake. Nikamwuliza saa ngapi.

"Hata hapo unataka saa," akasema.

Alhamisi, Desemba 22

Tena. Wazee wawili wa boma la jirani walisema hawaelewi kioo ni nini, na koki, na nani alisimama wapi. Baba alijaribu kueleza, mikono ikapotea hewani. Kavata akainuka bila kuulizwa, akachukua kijiti, akachora chumba cha injini mchangani, kwa ukubwa wake kamili: tanuri, kioo, kiti cha dereva, mlango. Alipima kwa hatua kutoka kumbukumbu ya ile injini ya makumbusho. Wakasogea kutazama.

Phares alitazama mchoro kwa muda mrefu kuliko wote. "Tumesikia. Kesho wa mwisho. Watakaa wa nyumba hii tu."

Nilimwuliza Baba jioni kama amechoka.

"Hapa hanifuati," akasema. "Yuko kwao. Ananisubiri nimalize."

Ijumaa, Desemba 23

Anga safi, hakuna wingu tangu juzi. Watu tisa. Mchoro wa Kavata ulikuwa bado pale. Hakuna aliyeukanyaga, hata kuku walikuwa wamefukuzwa.

Baba alianza kama kawaida. Phares akainua mkono kumnyamazisha. Akavua viatu, akaingia ndani ya mchoro, akasimama mbele ya kioo, mahali pa Obura. Kwa fimbo akamwonyesha Baba mahali pake. Kavata akamwongoza babu yake hadi ndani. Wakasimama, hatua moja kati yao.

Sijui Baba aliona nini kwa jicho lile moja. Phares ni mrefu kama Obura alivyokuwa, Benta ameniambia baadaye. Baba alirudi nyuma nusu hatua, mgongo ukitafuta ukuta ambao haukuwepo, na Kavata akaushika kwa kiganja.

Phares aliuliza kitu. Benta akatafsiri: "Anauliza, ulipomwambia maji yapo, mikono yake ilikuwa wapi?"

Nimeuliza maswali kwa miaka ishirini na tatu. Hilo sikuliuliza.

Baba akasema, kwa sauti ya kawaida tu:

"Mkono wa kulia alikuwa ameuinua. Alikuwa ameshika bilula. Alitaka kupima mbele yangu. Hakuwa mtu wa kusubiri nishuke. Alikuwa fayaman mzuri kuliko mimi. Nikamwambia, 'Wewe Obura, unanipima mimi?' Dereva akacheka. Akaachia bilula, akaushusha mkono."

Benta alifungua mdomo atafsiri. Phares hakumsubiri. Aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyekaa mijini miaka mingi:

"Akakujibu nini?"

Siku zote tano alikuwa amesikia kila neno mara mbili.

"Alisema, 'Samahani, mzee.'"

Benta alikuwa ameshika kamba ya miwani yake kwa mikono miwili. Mbithe alikuwa amemshika yeye. Baba alibaki amesimama, mikono chini, akisubiri kuambiwa kesho wanakuja akina nani.

Phares akanigeukia. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa sawa; ni kazi yangu. Nilipomaliza, Phares akatoka ndani ya mchoro, akaenda miguu mitupu mpaka walipoketi watu wa nyumba yake, wanawake wawili, wanaume wanne na mama mmoja mzee sana, na akaanza kuwaambia kwa Kijaluo, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Nilifuata kwa majina tu: Makau, dereva, Obura, tena Obura, jina alilowanyima watoto miaka kumi na saba. Alipofika kwenye yale maneno mawili ya mwisho, 'Samahani, mzee', ambayo aliyaacha kwa Kiswahili, sauti ilimkatika. Akasafisha koo. Kisha akaanza tena tangu mwanzo.